Je, wajua? Mwalimu wa chekechea umemsahau, lakini alichokufunza hakijakutoka

Simama stendi ya Moshi, muulize mtu mzima yeyote jina la mwalimu wake wa darasa la saba. Atakutajia, na fimbo zake atakusimulia. Sasa muulize wa chekechea. Wengi watakuna kichwa. Wanakumbuka uji, pengine rangi ya sweta, basi.

Wala si utovu wa shukrani. Matukio ya kabla ya miaka 3 hufutika karibu yote, na ya miaka 4 hadi 6 hubaki vipande vipande, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayotunza matukio bado inajengwa. Ila ubongo una ghala zaidi ya moja. Mazoea, kama kushika penseli au kufunga kamba za viatu, huwekwa kwingine, na huko hayafutiki kirahisi. Kamba unazifunga kila asubuhi, aliyekufundisha humkumbuki.

Asubuhi moja nilikaa kwenye darasa la awali huko Pasua. Mtoto wa miaka minne alikuwa akihesabu visoda. Mdomo ulishafika kumi, kidole bado kiko kwenye kisoda cha sita. Mwalimu hakumwambia amekosea. Alichuchumaa, akamshika mkono, wakasogeza kisoda kimoja, wakataja namba moja. Kingine, namba nyingine. Walipoishia sita, mtoto akavitazama vile visoda, akamtazama mwalimu, kisha akavirudisha vyote na kuanza upya peke yake.

Ukipita dirishani ungesema wanacheza. Lakini pale mtoto aligundua kwamba namba si wimbo, kila namba ina kitu chake, na hesabu zote atakazozikuta mbele zitasimama juu ya hilo. Tena alikosea, hakuchekwa, akarudia. Mimi naona hili la pili ndilo kubwa zaidi.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, mwanasaikolojia David Weikart na wenzake walianza mpango wa chekechea kwa watoto wa miaka 3 na 4 wa familia maskini za Wamarekani weusi. Kwa jumla watoto walikuwa 123: 58 walisoma chekechea hiyo, 65 hawakuisoma. Darasa lilichukua muda wa saa mbili na nusu tu kila asubuhi, na mwalimu alimtembelea kila mtoto nyumbani kwao mara moja kwa wiki. Watafiti waliwafuatilia mpaka wakafika miaka 40.

Mwanzoni waliosoma waliwazidi wenzao kwenye vipimo vya akili. Walipokaribia miaka 10, tofauti hiyo ilikuwa imeyeyuka. Mtu angeishia hapo angesema fedha zimepotea bure. Kumbe! Walipofika miaka 40, asilimia 60 ya waliosoma walikuwa wakipata dola 20,000 au zaidi kwa mwaka. Wenzao ni asilimia 40. Waliokwishakamatwa na polisi mara 5 au zaidi walikuwa asilimia 36 ya waliosoma, dhidi ya 55 ya wenzao. Ni mji mmoja na watoto wachache, ndiyo. Ila James Heckman, mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 2000, alizichambua takwimu hizo na kuona kwamba sehemu kubwa ya faida ilitokana na tabia: kujizuia, kusikilizana na wenzako, kutokata tamaa. Tabia hizo hazina mtihani darasani, kwa hiyo hazionekani kwenye ripoti ya mwisho wa muhula.

Huku kwetu, Sera ya Elimu ya 2014 imeiweka elimu ya awali ndani ya elimu ya lazima. Ni hatua nzuri. Lakini bado nasikia wazazi wakisema mwalimu wa chekechea "anaimbisha watoto tu", na wenye vituo wanamlipa kulingana na kauli hiyo. Inaniuma, kwa sababu mzazi huyohuyo atalipia masomo ya ziada mtoto akifika darasa la nne, kutafuta utulivu ambao mtu alianza kuujenga zamani kwa ujira mdogo.

Kabla sijaondoka, nilimwona yule mtoto tena. Jirani yake alikuwa amevamia visoda na kuhesabu mbio. Akamshika mkono, taratibu, kama alivyoshikwa yeye.

"Moja," akasema. "Ngoja. Mbili."