Mwangalie fundi rangi kabla hajafungua kopo

Wateja wengi wakinipigia simu huuliza swali moja: nyumba yangu utaipaka kwa siku ngapi? Huwa nawajibu, kwanza niuone ukuta. Nikifika, kabla ya habari za bei, napitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga, basi jua na mvua vimeshakula gundi ya rangi ya zamani, na kilichobaki ni vumbi lililojishikiza. Ukipaka juu yake, rangi mpya itashika vumbi, haitashika ukuta.

Na wewe mpime fundi hivyo hivyo. Anayezunguka nyumba mikono mfukoni kisha akakutajia bei hajakagua kitu. Anayejua kazi atagusa, atakwangua, atapanda ngazi kuangalia mbao za ukingo wa paa, atainama kuangalia ukuta unapokutana na ardhi. Huko chini ndiko unyevu unakopandia.

Malengelenge, kwa mfano, yana lugha yake. Napasua moja kwa kisu na kuchungulia ndani. Nikikuta plasta tupu au mbao tupu, maji yanatokea nyuma ya rangi. Nikikuta rangi ya zamani bado imeshika chini yake, mara nyingi kosa ni kupaka ukuta uliokuwa unaungua jua, rangi ikakauka juu kabla ya ndani. La pili nalimaliza kwa skrepa na msasa. La kwanza si la rangi kabisa: kuna mfereji wa paa unaovuja, bomba lililopasuka, au udongo uliorundikwa ukutani. Fundi mwaminifu atakwambia uanze na huo mfereji, hata kama kazi yake itachelewa mwezi mzima. Hali ni hiyo hiyo kwa ule unga mweupe wa chumvi kwenye matofali na plasta. Maji ndiyo yanayoisukuma chumvi nje, na yasipozuiwa itarudi.

Plasta mpya nayo ina kiburi chake. Ina magadi makali ya saruji, na kwa kawaida tunaisubiri takriban siku 28 ipoe na ikauke. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimkubalia mteja mwenye haraka, nikapiga rangi ya mafuta juu ya plasta ya wiki mbili. Magadi yaliigeuza rangi kuwa kitu kama sabuni: laini, inanata, inabanduka kwa ukucha. Nilirudia kwa gharama yangu. Siku hizi ukuta wa saruji naupa praima, yaani rangi ya msingi, inayostahimili magadi, kisha rangi ya maji ya nje.

Kama nyumba ni ya zamani sana, uliza juu ya madini ya risasi kwenye rangi. Rangi nyingi za zamani zilikuwa nayo. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake majumbani mwaka 1978. Rangi ya namna hiyo haipigwi msasa mkavu, kwa sababu vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Sasa hesabu. Kwenye ukuta laini, lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Kuta zako zikiwa na mita 150 na unataka mikono miwili, hiyo ni mita 300, yaani lita 25 hadi 30. Ukuta wa kukwaruza hula zaidi. Fundi akikwambia lita 15 zinatosha, atazijazia maji, na rangi iliyozidishwa maji hupendeza siku ya kukabidhi tu.

Kwa hiyo usilinganishe bei za mafundi wawili bila kujua kila mmoja amehesabu nini. Mtake kila mmoja aandike: ataosha au hataosha, atakwangua wapi, nyufa atazizibaje, praima gani, rangi gani, mikono mingapi, nani ananunua. Kwenye nyufa uliza hasa atatumia nini, maana silikoni ya kawaida haishiki rangi. Inatakiwa dawa ya kuziba ya akriliki. Malipo yagawe: sehemu ya kuanzia, sehemu ukuta ukishaandaliwa na wewe mwenyewe umeukagua, na baki la maana lingoje mwisho. Hiyo ya katikati ndiyo watu huisahau, na ndiyo yenye nguvu, kwani rangi ikishapigwa huwezi tena kuona kilichofanyika chini yake.

Akiosha asubuhi akataka kupaka mchana huo huo, mzuie. Ukuta unahitaji kukauka, mara nyingi siku nzima au zaidi.

Rangi iliyobaki usimwachie aondoke nayo. Ifungwe vizuri, na juu ya mfuniko iandikwe namba ya rangi, tarehe na upande wa nyumba ilikopakwa. Kuna siku ngazi itakwaruza ukuta, na utalihitaji kopo hilo.