Wanakuuma saa ngapi? Anzia hapo kabla hujanunua dawa ya mbu

Mvua ikishashika wiki moja au mbili, simu zinaanza kumiminika, na karibu zote zina swali lilelile: nipulize dawa gani? Kazi yangu ni kudhibiti mbu, na kabla sijajibu huwa nauliza langu: wanakuuma saa ngapi? Wengine hudhani nakwepa. Lakini mbu hawafanani, kila aina ina maji yake, na saa ya kuumwa ndiyo inayokuelekeza maji hayo yalipo.

Akikuuma mchana, hasa asubuhi jua likishachomoza au alasiri kuelekea magharibi, tena vifundoni ukiwa umekaa, mara nyingi huyo ni Aedes: mweusi, miguu ina pete nyeupe. Ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya. Uzuri wake ni kwamba haruki mbali. Wengi hawavuki mita 200 kutoka walipozaliwa, kwa hiyo maji yake yako kwako au kwa jirani. Na usitafute dimbwi, tafuta chombo: kisahani kilicho chini ya chungu cha maua, tairi kuukuu, mkunjo wa turubai, mfereji wa paa ulioziba kwa majani, ndoo iliyosahaulika nyuma ya banda. Kizibo cha chupa chenye maji kinamtosha.

Hapa ndipo watu wanapokwama. Aedes haangushi mayai majini; huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji yanapoishia. Mulika pipa kwa tochi kwa ubavu utayaona, vidoa vyeusi kama masizi yaliyogoma kutoka. Hukaa makavu kwa miezi bila kufa. Ukimwaga maji ukaliacha pipa kama lilivyo, mvua inayofuata ikilijaza mayai yanaanguliwa, na wewe unajiuliza wametoka wapi. Kwa hiyo mwaga, sugua kuta kwa brashi ngumu, suuza, na maji ya kusuuzia uyamwage kwenye udongo mkavu, si mtaroni. Rudia kila wiki, usisubiri zaidi, maana kwenye joto yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 tu.

Yule anayekupigia zumari sikioni usiku ni habari nyingine. Mara nyingi ni Culex, rangi ya kahawia, na hana kinyaa: choo cha shimo chenye maji, chemba ya maji taka iliyopasuka, mtaro uliosimama. Jike mmoja hutaga mayai 100 hadi 300 kwa mkupuo, yameshikana yanaelea. Ukiwa naye, kusugua ndoo hakutakusaidia sana. Ziba nyufa za chemba, funika bomba la hewa la choo kwa wavu, zibua mtaro. Kwa vyoo vya shimo vyenye maji kuna njia ninayoipenda kwa sababu haina sumu: kumwaga punje za plastiki nyepesi, ile ya kufungashia vyombo vya umeme, zikaelea na kufunika maji yote. Viluwiluwi wanakosa pa kuvutia hewa, na jike anakosa pa kutagia. Ilijaribiwa Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, sambamba na dawa za matende, na kuumwa na mbu hao kukashuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Wa tatu ni Anopheles, mbu wa malaria. Huuma usiku, zaidi watu wakishalala, na akitua mkia wake huwa juu, kichwa chini. Anapenda maji safi yanayopata jua, kama madimbwi na mikwaruzo ya magurudumu njiani. Fukia unachoweza, lakini mengi yako nje ya uwezo wa nyumba moja, kwa hiyo hapa ni chandarua chenye dawa na nyavu za madirisha. Jamaa yake kutoka Asia, Anopheles stephensi, alionekana Djibouti mwaka 2012 na sasa yuko nchi kadhaa za Afrika, naye anazaliana kwenye matangi ya maji. Funika tangi, na mfuniko ukae barabara. Mfuniko wenye upenyo ni mbaya kuliko kutofunika: ndani kunakuwa na giza na utulivu, na mbu anajua kupita.

Kwa maji usiyoweza kumwaga, iko dawa ya bakteria iitwayo Bti. Viluwiluwi wakiila matumbo yao yanaharibika. Watu, mifugo na samaki haiwadhuru. Ila chungulia kwanza. Ukiona vidude vilivyojipinda kama alama ya mkato vikirukaruka majini, hao ni pupa, yaani kiluwiluwi aliye karibu kugeuka mbu, na pupa hali chochote, kwa hiyo Bti haimgusi. Zimebaki siku mbili hivi aruke.

Kufyeka nyasi? Fyeka, mbu hujificha humo mchana, lakini hazaliani kwenye majani. Taa za kuunguzia wadudu siziungi mkono hata kidogo. Mbu anafuata pumzi, harufu na joto la mwili kuliko mwanga, na utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1996 ulihesabu wadudu 13,789 waliouawa na taa hizo, wanaouma wakiwa 31. Vifaa vya kutoa sauti ya kufukuza mbu, okoa hela yako. Feni, kinyume chake, inasaidia kweli, kwa sababu mbu ni mrukaji dhaifu na upepo unamshinda.

Kupulizia uani huua wanaoruka saa hiyo. Walio kwenye pipa watatoka kesho.

Na ukijipaka dawa ya kufukuza mbu, chagua yenye DEET au picaridin na ufuate maelekezo ya kwenye chupa. Kama unatumia pia mafuta ya kukinga jua, hayo yatangulie, ya mbu yaje juu yake.