Gari la haidrojeni: ugumu hauko kwenye usukani

Wengi wakisikia "gari la haidrojeni" hudhani kwamba gesi hiyo huchomwa ndani ya injini kama ichomwavyo petroli. Sivyo ilivyo katika Toyota Mirai, gari lililoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2014. Humo haidrojeni hukutana na oksijeni ya hewani katika seli zinazozalisha umeme bila moto wowote, na umeme huo ndio unaozungusha mota. Kwa dereva, basi, hili ni gari la umeme: halina gia za kubadilisha, halitetemeki, na ukikanyaga linaitika papo hapo, ingawa ukitega sikio utasikia mvumo mwembamba wa kompresa inayovuta hewa. Anayetarajia kasi ya ajabu atavunjika moyo, kwa kuwa toleo la pili lina nguvu farasi 182 tu na uzito unaokaribia tani mbili.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba dereva amekalia bomu. Ni kweli kwamba gesi hushindiliwa hadi baa 700, shinikizo linalokaribia mara 300 ya lile la tairi, lakini mitungi yenyewe imeimarishwa kwa nyuzi za kaboni, na gesi ikivuja mahali pa wazi hupaa haraka, kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa mara 14, ilhali mvuke wa petroli hutanda chini. Hatari haijafutika: mwezi Juni 2019, kituo cha kujazia kilichoko Sandvika, karibu na Oslo, kililipuka kwa sababu ya boliti ambazo hazikukazwa ipasavyo.

Kuhusu maji, gari halimwagi mto barabarani. Kilo moja ya haidrojeni huzaa takriban kilo tisa za maji, na sehemu yake hutoka kama mvuke. Mirai ina kitufe kilichoandikwa H2O ambacho dereva hukibonyeza ili ayatoe kabla ya kuingia gereji, sakafu isilowe. Usafi huo, hata hivyo, ni wa bomba la nyuma tu, maana haidrojeni nyingi duniani bado hutengenezwa kwa gesi asilia, na kaboni hutolewa huko kiwandani.

Dhana ninayoiona kuwa na ukweli nusu ni ile ya kujaza kwa dakika tano. Mambo yakienda sawa, ndivyo ilivyo, na kilo 5.6 hulifikisha gari zaidi ya kilomita 600 kwa vipimo vya Marekani. Lakini gesi hupoozwa hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, hivyo mdomo wa pampu huweza kugandia kwenye gari, na dereva akabaki amesimama akisubiri barafu iyeyuke. Magari kadhaa yakifuatana, kituo nacho huhitaji muda wa kurudisha shinikizo. Huko California, ambako ndiko yaliko mengi ya magari haya nchini Marekani, bei ilifika dola 36 hivi kwa kilo, yaani takriban dola 200 kwa kujaza mara moja, na mwezi Februari 2024 Shell ilifunga vituo vyake vya magari madogo. Ndiyo maana dereva wa huko, kabla ya kutoka nyumbani, hufungua kwanza simu kuangalia ni pampu ipi inayofanya kazi siku hiyo.