Mtoto mwenye tundu kwenye moyo: mbona haongezeki uzito?

Mwanangu ana miezi mitano, ananyonya, lakini mstari kwenye kadi ya kliniki umelala. Majirani wanasema nimembemenda. Ni kweli?

Si kweli, mama. Hakuna mtoto anayepata tundu kwenye moyo, wala anayekonda, kwa sababu wazazi wake wamelala pamoja. Moyo huumbika katika miezi miwili ya mwanzo ya mimba, wakati mwingine mama hajajua hata kama ni mjamzito. Maneno hayo ya kubemenda yananiuma, maana mama akishaingiwa na aibu humficha mtoto ndani, na siku zinakwenda.

Sasa maziwa anayonyonya yanakwenda wapi?

Yanaliwa na kazi ya moyo. Tundu likiwa kubwa, damu nyingi hurudi mapafuni badala ya kwenda mwilini. Mtoto anahema haraka mchana na usiku, ni kama mtu anayesukuma mkokoteni wa madumu ya maji kupanda mlima bila kupumzika. Moyo ukizidiwa, anaweza kuhitaji kalori 120 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 5 ni kalori 600 hadi 750. Na huyo huyo ndiye asiye na nguvu ya kunyonya: anavuta mara chache, anaachia titi, jasho linamtoka kichwani, analala hajashiba. Ukiona jasho hilo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Nimlisheje?

Mnyonyeshe kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili hivi, ukimkalisha wima kiasi. Akichoka usimlazimishe, kamua maziwa, umnyweshe kwa kikombe safi. Yale ya mwisho wa titi ndiyo yenye mafuta mengi, hayo asiyakose. Akishindwa kabisa, hospitali humwekea mpira wa kulishia puani. Mpira huo unatisha kuutazama, lakini unampumzisha.

Akifika miezi sita anza uji mzito wa ulezi au uwele, uliotiwa karanga zilizosagwa laini. Tumbo lake ni dogo, hivyo uji mwepesi humjaza maji tu. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kina takriban kalori 40, na alizeti kwetu haijaadimika. Chumvi usiongeze. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu tupa, hata kama ni ya mwisho ghalani: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Mama mkwe anataka akatwe kimeo, eti ndicho kinachomkohoza na kumkondesha.

Mwambie kwa heshima, lakini usikubali. Mtoto huyu anakohoa kwa sababu mapafu yamejaa. Kidonda cha kooni kinaweza kumtoa damu nyingi au kuingiza vijidudu kwenye damu, vikaenda kukaa kwenye moyo wenyewe.

Wangu midomo hubadilika kuwa ya bluu akilia. Naye ni hivyo hivyo?

Ulishaji unafanana, ila huyu ogopa zaidi kuhara na kutapika. Damu yake ni nzito tayari. Akipungukiwa maji inaweza kuganda. Jua la hapa Dodoma lilivyo, akianza kuhara mpeleke siku hiyo hiyo.

Nimesikia ni lazima anenepe kwanza ndipo afanyiwe upasuaji.

Uzito husaidia, lakini wapo wasionenepa kamwe mpaka tundu lizibwe. Kuamua ni kazi ya daktari wa moyo, baada ya kuupiga picha kwa kipimo cha eko. Huduma za moyo zipo Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Wengi wakishatibiwa uzito hupanda katika miezi inayofuata, urefu ukifuata nyuma. Kwa hiyo usikae Mpwapwa au Kondoa ukingoja mashavu yajae. Chukua kadi yake ya kliniki, nenda naye kituo cha afya, uombe rufaa.