Altimita, QNH na saa ya kurudi Luano

Wanafunzi wa urubani hapa Lubumbashi hunijia na vitabu vya Ulaya vinavyosema ukiweka QFE, yaani mgandamizo wa hewa wa uwanjani penyewe, altimita (chombo kinachoonyesha urefu kwa kupima mgandamizo wa hewa) itasoma sifuri ndege ikiwa chini. Huwa nawaambia wazungushe kitufe cha kuweka mgandamizo wajionee. Uwanja wa Luano uko karibu futi 4,300 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa pale ni kama hektopaskali 870, lakini kidirisha cha namba hiyo kwenye altimita nyingi za ndege ndogo, kwa chini huishia karibu 950. Kitufe kinagoma. Namba yetu ya kazi ni QNH, yaani mgandamizo wa uwanjani uliopigiwa hesabu hadi usawa wa bahari.

Ukiwa bado maegeshoni, pokea QNH ya mnara, iweke, gonga kioo kidogo kwa kidole, kisha soma. Mishale ionyeshe mwinuko wa uwanja. Ikipishana kwa zaidi ya futi 75, usiruke, na tafadhali usizungushe kitufe mpaka futi zikubaliane. Hapo unaficha ugonjwa wa chombo.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni saa. Wengi hudhani kwa kuwa huku kwetu hali ya hewa haigeuki kama Ulaya, QNH ya asubuhi inatosha siku nzima. Haitoshi. Katika tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku: hufika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Tuseme umeruka saa nne asubuhi na QNH 1020, unarudi saa kumi jioni imekuwa 1016. Hektopaskali moja ni karibu futi 30, kwa hiyo namba ya asubuhi inakukosesha futi 120 hivi, tena upande wa hatari: altimita inasema uko juu kuliko ulipo. Kiangazi, moshi wa moto wa porini ukiwa umefunika kila kitu, futi hizo ni nyingi mno. Omba QNH mpya kabla ya kuanza kushuka, kila mara.

Kama ndege yako ina kipimo cha Kimarekani cha inchi za zebaki, 1020 ni 30.12 na 1016 ni 30.00. Bandika jedwali karibu na macho. Usifanye hesabu hiyo hewani.

QNH sahihi haikuambii ndege itapandaje. Mwezi wa 10, joto likifika nyuzi 33, injini na mabawa hufanya kazi kana kwamba yapo zaidi ya futi 7,000, ilhali altimita inasoma 4,300 bila kosa lolote. Kupata hiyo 7,000, weka 1013, yaani mgandamizo sanifu wa usawa wa bahari, soma futi, kisha ongeza 120 kwa kila nyuzi inayozidi joto sanifu, ambalo kwa mwinuko wetu ni kama nyuzi 7. Ukimaliza, rudisha QNH kabla hujaachia breki.