Kumbebea jirani pakiti yake

Kila ninapofundisha mitandao isiyo na mnara wala rauta, ile ambayo vifaa hupashana data vyenyewe kwa vyenyewe, mwanafunzi mmoja lazima aulize: kwa nini betri yangu iishe kwa kubeba mzigo wa mwenzangu? Swali la haki kabisa. Huwa namjibu kwa hesabu.

Chukua kiwango cha zamani cha Wi-Fi, 802.11b, chenye kasi nne: megabiti 1, 2, 5.5 na 11 kwa sekunde. Laptopu iliyo nyuma ya ukuta wa zege hushuka hadi 1. Pakiti yake, yaani kipande kimoja cha data, ya baiti 1,500 (biti 12,000), itakaa hewani milisekunde 12, na hewa ni moja: wote wanaoisikia wananyamaza mpaka iishe. Kwa kasi ya 11 ingechukua 1.1 tu.

Kinachouma ni kwamba Wi-Fi hugawa zamu, haigawi muda. Kila kifaa husikiliza, huhesabu kurudi nyuma kutoka namba ya bahati nasibu, kisha hutuma pakiti moja. Yule wa nyuma ya ukuta anapata zamu kama wewe, ila yake ni ndefu mara kumi, na muda wote huo redio yako iko macho inakula betri bure.

Sasa weka laptopu ya tatu mlangoni, inapowasikia vizuri yule wa nyuma ya ukuta na mpokeaji wake. Pakiti inapita kwake kwa miruko miwili, kila mmoja kwa kasi ya 11. Ukijumlisha mikrosekunde 192 za utangulizi wa kila fremu (kila kinachotumwa hewani kwa mara moja), ujumbe wa kuombana njia na wa kuthibitisha kupokea, jumla inakaribia milisekunde 4. Mbebaji mwenyewe amepunguziwa foleni.

Wabebaji wawili wakijitolea kwa pamoja, sauti zao zitagongana. Hapo naipenda CoopMAC, itifaki (kanuni za kupashana data) iliyochapishwa mwaka 2007: mtumaji huwasikiliza majirani wakizungumza, huweka jedwali la kasi zao, kisha humtaja mbebaji mmoja ndani ya ombi lake. Aliyetajwa huitika, mpokeaji naye huitika, ndipo data inatoka.

Ila mbebaji akituma, hunyamazisha pia majirani zake ambao mtumaji hawafikii. Penye vifaa vingi, mazungumzo ya upande wa pili yanaweza kusimama. Ndiyo maana mimi hukataa mbebaji ambaye kumtumia kunaokoa muda kidogo tu, hata kama kasi yake inavutia.