Kibarua hakifuti fidia: yasemwayo na yaliyo kweli kuhusu TDIU

Kuanzia mwaka 2009 hadi 2016 jeshi la Marekani liliwafungulia mlango wahamiaji waliojua lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Wengine wetu waliingia kwa kadi ya kijani. Leo wapo kina kaka na dada waliotoka huko na migongo isiyovumilia kiti kwa nusu saa, magoti yaliyosagika, au usingizi uliohama kabisa. Baadhi yao wanapokea TDIU (Total Disability Individual Unemployability), fidia ambayo Idara ya Maveterani (VA) humpa askari wa zamani aliyeshindwa kushika kazi ya kumtosha kwa sababu ya madhara ya utumishi. Na kila tukikutana, iwe harusini au msibani, nasikia hofu ileile: ukionekana tu unafanya kazi, hata ya saa mbili, wanakata.

Hofu hii inaumiza watu. Namfahamu baba wa watoto watatu aliyekataa ukalimani hospitalini, siku mbili kwa wiki, akiwatafsiria wakimbizi wa Kongo. Ndiyo kazi pekee ambayo mwili wake ungeiweza, na alikuwa anaitamani. Akabaki ndani na pazia limefungwa.

«Ukipokea TDIU huruhusiwi kufanya kazi yoyote.»

Hili ndilo kubwa, na si kweli. Kanuni inayotawala fidia hii, 38 CFR 4.16 (CFR ni mkusanyo wa kanuni za serikali kuu ya Marekani), haimuulizi mtu kama amekaa kitako. Inauliza kama madhara aliyoyapata jeshini yanamzuia kupata na kudumu katika kazi yenye kipato cha kujikimu. Kibarua kisichofikia hapo hakihesabiwi kuwa kazi ya namna hiyo, na kipimo cha kawaida ni pato la mwaka: likiwa halizidi kiwango cha umaskini cha mtu mmoja kinachotolewa na Ofisi ya Sensa ya Marekani, kazi hiyo ni ya kuganga njaa tu. Kwa mwaka 2023 kiwango hicho kilikuwa dola 15,480, na hupanda kidogo karibu kila mwaka, kwa hiyo tazama cha mwaka unaohusika.

Mpigie hesabu yule baba. Dola 20 kwa saa, saa 12 kwa wiki, wiki 50: dola 12,000. Angekuwa chini ya mstari na nafasi ya kupumua ikabaki.

Nadhani dhana hii ilizaliwa na jina lenyewe, linalotangaza kwamba mtu hawezi kuajirika. Hofu nayo ina mantiki yake, maana pengo ni kubwa. Mwaka 2025 askari wa zamani asiye na wategemezi, ambaye VA ilimpima ulemavu wa asilimia 70, alilipwa dola 1,759.19 kwa mwezi; aliyepewa TDIU alilipwa kama wa asilimia 100, yaani dola 3,831.30. Nani asingeogopa kupoteza zaidi ya dola elfu mbili kila mwezi?

Kuna na mchanganyo mwingine unaotoka upande wa pili. Aliyepewa asilimia 100 kwa jedwali la VA la kupima ulemavu, bila TDIU, kwa kawaida anaweza kuajiriwa muda wote na asiguswe. Basi mmoja anasema, «Mimi nina mia na nafanya kazi kiwandani,» mwenzake wa TDIU anamfuata, ndipo matatizo yanapoanza. Soma barua yako ya uamuzi ujue uko kundi lipi kabla ya kufuata ushauri wa mtu.

«Kila dola inayoingia nyumbani inahesabiwa.»

Kinachopimwa ni kipato cha jasho lako. Kodi ya nyumba uliyojenga Kitengela au Mbezi, riba ya benki, pensheni, mshahara wa mke au mume, vyote hivyo si kazi uliyoifanya. Wanaochanganya hapa mara nyingi wamesikia habari za pensheni ya VA, ambayo ni msaada tofauti unaoangalia uwezo wa nyumba nzima. TDIU ni fidia ya madhara.

«Ukivuka kiwango kwa dola moja, wamekukata.»

Hapa panahitaji utulivu. Kwanza, kanuni yenyewe inakubali kwamba hata kipato kilichozidi mstari kinaweza kisihesabike, kama kazi inafanyika katika mazingira yenye ulinzi. Mfano ni duka la ndugu yako. Anakulipa vizuri, lakini unaondoka mgongo ukikushika, unakosa siku tatu bila kuulizwa, na mzigo mzito anaubeba mwingine. Mwajiri wa kawaida asingevumilia hayo hata mwezi. Hilo linaweza kutetewa, ila kwa maandishi: barua ya mwenye duka inayoeleza anakuvumilia nini, na rekodi ya siku ulizokosa.

Pili, hata ukiingia kazi kamili, 38 CFR 3.343 inasema VA haiwezi kukushusha kwa sababu hiyo peke yake mpaka uwe umeishika kazi hiyo miezi 12 mfululizo. Mwili ukikataa mwezi wa tano, umejaribu na umeshindwa, na fidia haipaswi kukatwa kwa kujaribu huko. Tatu, wakitaka kupunguza malipo hutanguliza barua ya kusudio, nawe una siku 60 za kuleta ushahidi. Ukiomba kusikilizwa ndani ya siku 30, watakusikiliza kwanza. Barua za VA zisikae kwenye droo bila kufunguliwa, nawasihi.

Lakini mstari wa umaskini si kichaka cha kujifichia. Mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi wiki nzima, anayepunguza saa makusudi ili abaki chini yake, hajakidhi kanuni. Swali la uwezo lipo palepale.

«Pesa za mkononi na za Uber hawazioni.»

Hili linanitia uchungu kuliko yote, kwa sababu anayelisema huwa anadhani anasaidia. Fomu ya maombi ya TDIU, 21-8940, ina kiapo kwamba ukirudi kazini utaijulisha VA mara moja. VA hulinganisha majina yake na rekodi za mishahara za Hifadhi ya Jamii (Social Security). Kipato kilichofichwa kikigundulika huzaa deni, na pale udanganyifu ulipokusudiwa, kesi. Na cha kusikitisha ni kwamba wengi wanaoficha wanaficha kazi ambayo ingeruhusiwa! Sema unafanya nini, saa ngapi, kwa malipo gani, na weka nakala. Kwa Uber na kazi za kujiajiri, tunza pia risiti za mafuta na matengenezo, kwani pato ghafi si faida.

«Sheria ni moja na ile ya SSDI.»

Hapana. SSDI ni malipo ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii, nayo huangalia mwezi kwa mwezi. Mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola 1,620 kwa asiye kipofu, na ina kipindi chake cha majaribio. TDIU hutazama mwaka. Anayepokea vyote viwili anaweza kuwa salama kwa VA na akajikwaa Hifadhi ya Jamii kwa sababu ya mwezi mmoja wenye kazi nyingi. Kila upande uhesabie kivyake.

«Nimezeeka, hawanipi tena.»

Umri hautakiwi kuhesabiwa, si kwa kukunyima wala kwa kukupa.

Ukitaka mtu wa kukaa nawe kabla hujasaini mkataba wa kazi, tafuta mwakilishi wa maveterani aliyeidhinishwa na VA. Kaunti nyingi zina ofisi ya maveterani na huduma yake ni bure. Nenda na barua ya uamuzi, maelezo ya kazi unayoitaka, na makadirio ya kipato cha mwaka. Kiingereza kikikupa shida, nenda na mtu unayemwamini akutafsirie neno kwa neno, hasa pale panapoandikwa kazi ulizofanya.